Maswali ya saketi: chora kwanza, fomula baadaye

Kama uko fomu tatu au fomu nne na kila swali la saketi likija unaanza kutafuta fomula kichwani, shida yako wala siyo hesabu, shida ni kwamba mchoro wenyewe hujauona. Madogo ninaowasaidia tuisheni karibu wote wanaijua V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani) hata ukiwaamsha usiku wa manane, ila wape risista tatu (vile vitu vinavyokinza mkondo, ukinzani wake unapimwa kwa omu) zilizochorwa kwa kona kona uone, wanajumlisha tu 4 + 6 + 3 wanapata 13 afu wanasonga mbele kwa raha zao.

Kwa hiyo kalkuleta iweke pembeni kwanza. Chukua karatasi uchore saketi upya kwa mkono wako. Weka kidole kwenye chanya ya betri, tembea na waya, na kila ukifika njia panda weka nukta. Sehemu isiyo na njia panda mkondo ni ule ule mwanzo mwisho, utaenda wapi sasa? Na vitu viwili vikianzia nukta moja na kuishia nukta moja hivyo viko sambamba, ile wanaita paraleli, na volti zao ni sawa hata kama mtunga mtihani kamchora mmoja juu ya ukurasa na mwenzake kamlaza huko pembeni, maana hao watu wanapenda sana kukunja waya ili wakuchanganye.

Haya tupige moja. Betri ya volti 12, risista ya omu 4, afu mbele yake kuna ya omu 6 na ya omu 3 ziko sambamba. Kabla ya kuhesabu bashiri: zile mbili zikiungana lazima jibu liwe dogo kuliko 3, kwa sababu umeongeza njia ya kupita. Ukipata 4 na nusu ujue umeshapotea hapo hapo, usiendelee. Sasa hesabu: 6 mara 3 gawanya kwa jumla yao 9, unapata 2. Jumlisha na 4, saketi nzima ni omu 6, mkondo ni 12 gawanya 6 = ampia 2. Omu 4 inachukua volti 8 (2 × 4), kwa hiyo zile mbili zinapata volti 4 kila moja. Ya omu 6 inapitisha ampia 0.67, ya omu 3 inapitisha 1.33, ukizijumlisha zinarudi 2. Wengi wanaishia hapo, mi nakwambia piga na pawa: betri inatoa 12 × 2 = wati 24, risista zinakula 16, 2.67 na 5.33, jumla 24. Zikigoma kulingana kuna mahali umechemka na umegundua mwenyewe, hujasubiri mwalimu.

Halafu usilitupe hilo swali, ndo kwanza limeanza kuwa tamu. Jiulize, nikiikata ile ya omu 6 mkondo wa betri utapanda au utashuka? Watu kibao wanasema utapanda eti risista zimepungua. Hapana, umefunga njia, sasa una 4 na 3 jumla 7, mkondo unashuka mpaka 1.71. Lakini ile ya omu 3 iliyobaki sasa inapitisha 1.71 badala ya 1.33, yaani ingekuwa balbu ingewaka zaidi! Swali moja ukiligeuza hivi mara nne tano linakufundisha kuliko pasti pepa kumi za kukopi majibu.

Na kuna ile dhana kwamba balbu ya kwanza inakula mkondo, ya pili inapata makombo. Haipo hiyo. Fikiria chaji kama watu wanaopita sokoni, wanaingia na hela wanatoka mifuko mitupu, ila waliotoka ni wengi sawa na walioingia. Kinachopungua ni nishati, na volti ndo hesabu yake.

Upande wa chaji Q = It (chaji ni mkondo mara muda) ni rahisi mpaka inakuwa mtego, coz muda lazima uwe sekunde. Chukua betri ya simu ya 5000 mAh, hiyo ni ampia 5 kwa saa moja, yaani 5 × 3600 = kulombu 18,000. Ukitaka idadi ya elektroni gawanya kwa 1.6 × 10⁻¹⁹, ambayo ni chaji ya elektroni moja, unapata kama 1.1 × 10²³. Ukipata elektroni 0.3 usiandike tu kwa vile kalkuleta imesema.

Sheria ya Coulomb, ile ya kani kati ya chaji mbili (9 × 10⁹ mara chaji zote mbili, gawanya kwa umbali kipeo cha pili), nayo inaua watu kwa sentimita. Chaji za mikrokulombu 3 na 2 zikiwa umbali wa sm 30: geuza iwe mita 0.3, ipige kipeo cha pili 0.09, juu 9 × 10⁹ × 6 × 10⁻¹² = 0.054, jibu nyutoni 0.6. Sasa zisogeze ziwe sm 15 bila kuanza upya, umbali nusu basi kani mara nne, 2.4. Alama za chaji, za kujumlisha na kutoa, mi huwa siziingizi kwenye hesabu kabisa, naandika tu mwishoni kama zinavutana au zinasukumana.

Ukipata betri mbili za tochi, balbu ndogo na vipande vya waya, jenga unachokihesabu. Soketi ya ukutani usiiguse kabisa, ile ni volti 230, siyo ya mazoezi. Kama vifaa hamna, tovuti ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ni ya bure, unaunga saketi kwenye skrini na mita zake zipo. Ampia mita iweke ndani ya njia, volti mita iweke pembeni ya kitu unachokipima, afu bashiri kabla hujafunga swichi, andika namba yako kwa peni ili usijidanganye ukaifuta.