Mmetoka kwenye Ujumbe (kundi la wafuasi wa mhubiri Mmarekani William Branham), sasa mnabishanaje kuhusu Branham bila kugombana

Mko watu sita sebuleni, chai imeletwa, mmoja anasema Branham alikua nabii kweli ila wafuasi ndo waliharibu, mwingine anasema tapeli toka mwanzo. Hapo moto unawaka.

Kwanza msibishane kwa kumbukumbu za mchungaji wenu wa zamani. William Branham ana mahubiri zaidi ya 1,000 yaliyorekodiwa, mpaka alipofariki 1965, kwahiyo mtu akisema "Ndugu Branham alisema" muulizeni mahubiri gani, tarehe gani, halafu pigeni hiyo rekodi hapohapo, na msirukie sentensi moja, anzeni nyuma kidogo. Nusu ya ubishi inafia hapo.

Halafu jambo moja kwa siku. Chukueni mfano 1977, mwaka ambao Branham alisema mambo ya dunia hii yangefika mwisho, kuna atakaesema ni unabii uliokwama, mwingine atasema mwenyewe aliyaita makadirio yake tu, na kusema ukweli hilo lipo kwenye rekodi, mpeni nafasi yake, ndo muulizane mbona basi aliyaunganisha na maono aliyosema aliyapata 1933 kuhusu matukio yajayo ya dunia. Au lile wingu la Arizona ambalo wafuasi wanasema ni ishara ya huduma yake, lilipigwa picha 28 Februari 1963: chukueni karatasi mpange tarehe kwa tarehe siku hiyo Branham alikua wapi.

Masharti ya Ujumbe kuhusu nywele na sketi za kina dada, waanze wao kuongea. Kaka zangu kaeni kimya kwanza jamani.

Na kama kuna mtu mama yake bado yuko ndani ya Ujumbe msimcheke nabii mbele yake, mwacheni amalize chai.