Mwacheni kijana aueleze ugonjwa wake mwenyewe

Kwa mzazi wa hapa Dodoma anayemlea kijana mwenye ugonjwa sugu wa utumbo, kama ule wa Crohn, ninasihi jambo moja: mnapoingia kwa daktari, mwache aanze kujieleza yeye, ili ajione kuwa anaweza. Kijana anayejiona hana aliwezalo huelekea kukosa shule hata siku ambazo maumivu yanavumilika, ilhali mwenzake mwenye maumivu yale yale, lakini anayeamini kwamba anaweza, hujikaza akaenda.

Mwanasaikolojia Mmarekani Susan Harter, katika vipimo alivyotoa miaka ya 1980, alitenganisha namna kijana anavyojiona katika masomo, michezo, urafiki na sura yake. Hivyo binti wa Kongwa anayeachwa nyuma kwenye netiboli huenda bado anajiamini katika hisabati, na hapo ndipo pa kumshika.

Mpe daftari dogo aandike mwenyewe saa tumbo lilipoanza kuuma, alichokula, iwe ugali wa uwele kwa mlenda au maharage ya shuleni, mara alizokwenda chooni na dawa alizomeza. Akiulizwa na daktari, asome humo. Nawe mama, hata akisitasita, usimjibie. Msifu kwa kitu mahususi alichokifanya, na mwombe mwalimu wa darasa amruhusu kutoka kwenda chooni bila kuomba ruhusa mbele ya wenzake. Hata hivyo, damu kwenye choo, homa au kupungua uzito havingojei kujiamini. Mpeleke hospitali mara moja.