Rangi mbili za ukuta: namna ya kuamua

Usiamue kwa kadi ya sampuli za rangi ya dukani. Rangi ikishajaa ukuta mzima huonekana kali kuliko kwenye kipande kidogo. Nunua kopo dogo la kila rangi, paka mara mbili kwenye kadibodi nyeupe ya sentimita 60 kwa 60, ukiacha ukingo mweupe wa sentimita 5 ili rangi ya zamani isikudanganye macho. Ngoja ikauke kabisa. Mbichi na kavu hazifanani.

Tazama kila moja peke yake, maana zikigusana kila moja hubadilisha mwonekano wa nyenzake. Rudia asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka: balbu ya mwanga wa njano huivuta buluu kuelekea kijani.

Ukizitaka zote, nzito ipake ukuta unaotazamana na dirisha. Ukuta wenye dirisha hubaki kivulini, na hapo rangi nzito hugeuka karibu nyeusi.