Kabla ya kulipa ada ya chuo cha useremala

Omba kwanza uingie karakana. Mimi hutazama patasi: zikiwa butu, ujue kunoa hakufundishwi hapo, na fundi asiyejua kunoa atapasua mbao za watu maisha yake yote. Uliza pia wanafunzi wangapi wanatumia benchi moja, na kama chuo kinakupeleka kwa fundi kufanya mazoezi ya kazi.

Ukishaanza, shika msumeno wa mkono na randa kabla ya kukimbilia mashine. Hakikisha pembe mraba hivi: pima sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, mshazari unaounganisha alama hizo mbili lazima uwe 100. Kiungo cha ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja iliyochongwa kuingia kwenye tundu la mwingine, kirudie kwenye mabaki ya mbao hadi kishike bila gundi. Miwani ya kukinga macho usiivue, hata ukikata kipande kimoja tu.