Karanga baada ya sahani: namna ya kuongeza uzito kwa njugu ukiwa mwanamichezo

Nafundisha mazoezi ya nguvu, na wanamichezo wengi wanaonijia wakitaka kuongeza uzito wanafanana: wembamba, wanakimbia na kuruka kutwa, na wakikaa mezani wanashiba haraka. Swali lao huja karibu kwa maneno yale yale. "Kocha, natafuna karanga asubuhi hadi jioni, mbona mzani hausogei?"

Hausogei kwa sababu njugu huongeza uzito pale tu zinapokuja juu ya chakula ulichokuwa unakula. Zikichukua nafasi ya chakula, umebadilisha kalori kwa kalori na mwili unabaki pale pale. Ninaposema njugu nazikusanya zote pamoja: karanga, korosho, lozi, jozi, pistashio, hazelnati, makadamia. Karanga kwa asili yake ni jamii ya kunde, lakini jikoni na mwilini inafanya kazi ile ile.

Kuna kijana mrukaji niliyekaa naye meza moja kambini ili nione anakulaje. Aliingia na karanga mfukoni. Wakati chakula kinapakuliwa alikuwa anazimenya na kuzitupia mdomoni moja moja, huku akiongea na wenzake. Sahani ilipofika, wali na samaki, alikula nusu akaisogeza pembeni, na hakuwa anadeka, alikuwa ameshiba kweli. Karanga zile zilikuwa kama gramu 45, yaani kalori 250 hivi. Wali na samaki walioachwa walikuwa na kalori zaidi ya hizo, na protini bora zaidi. Tukaziacha karanga zile zile, kiasi kile kile, ila tukazihamishia baada ya sahani kuisha. Hapo ndipo mzani wake ulipoanza kupanda.

Sababu ni kwamba njugu zina mafuta mengi, protini na nyuzinyuzi, na vitu hivyo vitatu vikikutana tumboni vinakata njaa. Anayetaka kupungua anafurahia jambo hilo. Wewe unayetaka kuongezeka lazima uweke mpangilio: kwanza sahani, halafu njugu. Usizibebe mfukoni za kutafuna ovyo saa moja kabla ya mlo.

Anza na hesabu ndogo

Mwanamichezo anayetaka kuongeza misuli bila kujaza kitambi anahitaji ziada ya kalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya zile zinazomshikilia kwenye uzito wake wa sasa. Kasi nzuri ni robo kilo hadi nusu kilo kwa wiki. Ukiwa na kilo 62 na unataka 66, kwa robo kilo kwa wiki hiyo ni miezi minne hivi. Najua msimu unakaribia na unataka haraka, lakini unachoongeza kwa pupa kitakuwa mafuta zaidi ya misuli, nawe utalazimika kukimbia ukiwa umeyabeba.

Ziada hiyo ni rahisi kuipata kwenye njugu. Gramu 100 za karanga zina kalori kama 567, korosho 553, lozi 579, jozi 654, na makadamia hufika 718. Kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, kilichosawazishwa juu, ni gramu 16 na kalori 95 hivi. Kwa hiyo vijiko viwili ndani ya uji wa asubuhi ni kalori 190, na gramu 30 za korosho baada ya chakula cha jioni ni kalori 165. Jumla ni 355. Umeshaingia kwenye ziada bila kuongeza sahani hata moja.

Wiki ya kwanza tumia mzani mdogo wa jikoni. Kijiko kilichochotwa kwa kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kile kilichosawazishwa, na kiganja cha mchezaji mrefu wa kikapu si sawa na cha mkimbiaji mdogo. Sipimi ili nikubane, napima ili kesho ule kiasi kile kile. Uzito usipopanda, tutajua tunaongeza kutoka wapi.

Zilizosagwa zinakupa zaidi

Jambo hili wengi hawalijui, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote baada ya lile la sahani kwanza. Mafuta ya lozi au karanga yamefungiwa ndani ya seli zenye kuta ngumu, kila moja kama ghala dogo lililofungwa kufuli. Meno huvunja baadhi tu. Zile ambazo hazikuvunjika hupita tumboni na utumbo zikiwa bado na mafuta yake ndani, na hutoka nayo. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima watu waliokula lozi nzima, wakakuta gramu 28 zinaupa mwili kalori 129 hivi, wakati hesabu ya kawaida ya kwenye pakiti ni karibu 170. Baadaye walipojaribu siagi ya lozi pengo hilo halikuonekana, kwa sababu mashine ilikuwa imeshavunja kuta kabla ya chakula kufika mdomoni.

Basi kwa lengo lako, sehemu kubwa ya njugu zako iwe siagi au unga. Nzima zibaki za kutafuna baada ya mlo, na utafune taratibu hadi ziwe laini kabisa.

Siagi unaweza kutengeneza mwenyewe. Kaanga karanga kavu, au zioke kwenye oveni kwa nyuzi 160 hadi zianze kunukia na maganda yaachie, kisha zipepete. Ziweke kwenye blenda zikiwa bado na uvuguvugu. Mwanzo utaona unga mkavu. Kisha unga huo unajikusanya kuwa donge zito linalong'ang'ania pembeni mwa jagi, na hapo watu wengi hudhani imeshindikana wakamimina mafuta ya kupikia. Usimimine. Zima mashine, kwangua pembeni kwa mwiko, iache ipoe kidogo, washa tena. Rudia. Mafuta ya karanga yenyewe yatatoka, donge litaanza kung'aa, litalainika, na mwisho litadondoka kutoka kwenye mwiko polepole. Tia chumvi kidogo ukipenda. Ukinunua iliyo tayari, soma pakiti: karanga, labda na chumvi, vinatosha. Tabaka la mafuta linaloelea juu ni la kawaida, koroga tu.

Kwa anayeshiba haraka kabisa, chakula cha kunywa ndicho mkombozi. Saga pamoja maziwa yenye mafuta yake yote mililita 300, ndizi moja mbivu na kijiko kimoja kikubwa cha siagi ya karanga. Ni kalori zipatazo 385, na inashuka bila kubishana na tumbo lililochoka. Nawapa wachezaji wangu kinywaji hiki baada ya mazoezi ya vyuma, wakati hamu ya kula imepotea lakini mwili unahitaji. Wengine huongeza shayiri iliyosagwa, na inafaa.

Kabla ya mazoezi ni tofauti. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo njugu nyingi nusu saa kabla ya mbio zitakukalia kifuani. Acha saa mbili hadi tatu. Ukihitaji kitu cha karibu zaidi, kula ndizi au mkate mtupu, siagi isubiri.

Usizifanye chanzo chako cha protini

Wapo wanaoniambia, "Protini napata kwenye karanga, kocha." Naomba tupige hesabu. Anayejenga misuli anahitaji protini gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 62 anahitaji angalau 100 hivi. Ili upate gramu 25 za protini kutoka kwenye karanga, unatakiwa kula karibu gramu 100 za karanga, na hizo zimekuja na kalori zaidi ya 550. Tena protini ya karanga ina upungufu wa lisini, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Mayai, samaki, nyama, maziwa, maharage na dengu ndivyo vijenge sahani. Kama huli vyakula vya wanyama, maharage na dengu yana lisini nzuri, na yanakamilishana vizuri na njugu na nafaka.

Na bila mazoezi ya nguvu ziada hii haijui iende wapi. Chuchumaa na vyuma, vuta, sukuma, mara mbili au tatu kwa wiki, ukiongeza mzigo kidogo kidogo. Hilo ndilo linaloiambia kalori iwe misuli.

Njugu zipi uchague? Kwa kweli zile unazozipenda na unazoweza kuzimudu kila siku. Karanga ndizo zenye protini nyingi zaidi kati ya zote nilizotaja, gramu 26 hivi kwa kila 100, nami huanza nazo. Jozi zina mafuta ya omega-3 ya mimea kuliko wenzake wote. Makadamia zina protini kidogo, lakini hubeba kalori nyingi katika nafasi ndogo, na hilo linamfaa yule ambaye tumbo lake halina nafasi. Njugu za Brazili ziheshimu: moja inaweza kukupa madini ya seleniamu yote ya siku. Moja au mbili kwa siku basi, na usizisagie siagi, kwa sababu seleniamu ikizidi kwa muda mrefu hukatika nywele na kucha huharibika. Zile zilizopakwa sukari au chokoleti sizizuii kabisa, ila sizihesabu. Za chumvi zinafaa siku ya jasho jingi.

Mambo ya usalama

Mzio wa njugu unaua. Ukiwahi kuwashwa midomo, kuvimba uso, kutapika au kubanwa pumzi baada ya kula njugu yoyote, acha mara moja umwone daktari kabla ya kujaribu tena hata kidogo. Na unapotengeneza vinywaji vya timu nzima, uliza kila mtu kwanza na osha jagi vizuri. Mimi huandika jina la njugu juu ya kila chupa.

Pia kagua kila punje. Zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi ndani au zenye uchungu usio wa kawaida, tupa. Kuvu wa jamii ya Aspergilasi hutoa sumu ya aflatoksini inayoshambulia ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Usikate sehemu mbaya ukala iliyobaki, na usiisage ukidhani ladha itafichika. Hifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri, mahali pakavu na penye ubaridi. Jozi hasa ziweke kwenye jokofu, kwa sababu mafuta yake huchacha upesi. Zikinuka kama rangi ya ukuta, muda wake umekwisha.

Kuna wembamba usiotibiwa kwa karanga. Ukipungua bila sababu, ukivunjika mifupa kwa mazoezi ya kawaida, ukiugua mara kwa mara, au msichana akikosa hedhi, hizo zinaweza kuwa dalili kwamba mwili umekuwa ukinyimwa nishati kwa muda mrefu, au kuna ugonjwa. Mwone daktari wa michezo kwanza. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu wasichana wengi wameambiwa kukosa hedhi ni ishara ya kufanya mazoezi vizuri. Si kweli.

Kufuatilia na kurekebisha

Jipime asubuhi, baada ya kutoka msalani, kabla ya kula wala kunywa, ukiwa na nguo chache zile zile. Fanya hivyo angalau mara tatu kwa wiki na uchukue wastani, kwa sababu maji na chumvi vinaweza kukupandisha au kukushusha kilo nzima kwa siku moja. Pima na kiuno kwa utepe kila baada ya wiki mbili.

Wastani usiposogea kwa wiki mbili, ongeza kile kinywaji cha maziwa na siagi, usiongeze karanga za kutafuna. Ukipanda zaidi ya nusu kilo kwa wiki na kiuno nacho kinapanuka, toa kijiko kimoja cha asubuhi. Tumbo likijaa gesi, rudi kwenye nusu ya kiasi kwa siku nne au tano kisha panda taratibu, maana utumbo unahitaji muda kuzoea nyuzinyuzi. Na ukifika uzito unaoutaka, usikate vyote kwa siku moja: ondoa korosho za jioni, bakiza vijiko vya asubuhi, endelea kujipima kwa wiki tatu, halafu uamue kama kijiko cha pili bado kina kazi.