Likizo ya siku nne Kigoma: anza na msimu na mbalamwezi, hoteli baadaye

Wageni ninaowapangia safari huku mwisho wa reli karibu wote huanza na swali moja: hoteli gani nzuri? Mimi swali hilo naliweka la tatu. Kigoma ni mji wa Ziwa Tanganyika, na ziwa lina ratiba yake: mvua, upepo wa kusi, usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, na siku hizi hata miezi ya kupumzishwa. Ukiifuata ratiba hiyo, siku nne zinatosha kuuona mji, Ujiji na sokwe wa Gombe bila kukimbizana. Ukiipuuza, utalipia chumba chenye dirisha la ziwani na usikute cha kutazama.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha angalia kalenda ya mwezi

Mvua huku huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili, mara nyingine zikagusa Mei. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka Oktoba. Usidhani kiangazi chote ni sawa. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma, na mchana mawimbi yanaweza kuwa makubwa kwa mtu asiyezoea boti. Agosti na Septemba moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa hutanda, na milima ya Kongo ng'ambo ya pili inafifia kabisa. Septemba na Oktoba joto ni kali. Anayetaka picha ya jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, anga ikiwa safi, aje Mei, mvua zikishamaliza kusafisha hewa.

Sasa dagaa, maana ndio uhai wa mji huu. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Mwanga unawavuta dagaa juu, nao wanazingirwa na wavu. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazifui dafu, na wavuvi wengi hupumzika wakishona nyavu. Kwa hiyo mgeni anayefika mwezi ukiwa mpevu anakuta ziwa tupu usiku, soko limepoa na bei ya dagaa imepanda. Anayefika mwezi ukiwa umeandama juzi tu anakuta taa zimejipanga majini kama mji wa pili.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2024 uvuvi upande wetu ulisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono, maana mavuno ya ziwa hili yamekuwa yakipungua na sisi wenyewe tunaona. Kabla ya kukata tiketi, ulizia tarehe za mwaka wako.

Ukiniuliza mimi, nitakuambia wiki mbili za mwisho za Agosti au mwanzo wa Septemba, wiki ya giza. Mwenye watoto wa shule hana uhuru huo. Atakuja Juni au Desemba. Juni itamfaa kwa Gombe hata taa zisipokuwepo. Desemba mvua inaweza kumkatiza, basi aongeze siku moja ya akiba.

Hatua ya 2: Amua njia ya kufika

Ndege kutoka Dar es Salaam ndiyo ya haraka. Basi linapita Tabora, Kaliua na Uvinza, na wapo wanaolipenda. Treni ya kawaida ya Reli ya Kati ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, safari ya kulala njiani, na kwa mwenye muda sioni njia nzuri kuliko hiyo: unaona Dodoma ikiisha, miombo ya Tabora ikianza, halafu Malagarasi. Lakini msimu wa mvua maji huwahi kuharibu njia maeneo ya Kilosa na safari zikaahirishwa, kwa hiyo panda treni wakati wa kuja, si siku ya kurudi kazini.

Njia yoyote utakayotumia, beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Huu ni mkoa wa mpakani na maofisa wa Uhamiaji hukagua mabasi.

Hatua ya 3: Malazi

Kuna aina mbili za malazi. Hoteli za ziwani, kama Kigoma Hilltop iliyo juu ya mwamba, zina upepo, utulivu na mandhari ya ziwa. Gesti na lodji za mtaa wa Mwanga na za jirani na Barabara ya Lumumba ni nafuu, na ziko karibu na daladala, soko na mama lishe. Ushauri wangu: lala Mwanga siku mbili za kuzunguka mji, hamia ziwani usiku mmoja tu, nao uwe usiku wa giza. Usiku mwingine utaupeleka Gombe. Popote utakapolala, kagua neti kabla hujatoa hela na uulize kama maji na jenereta vipo. Omba chumba kinachotazama magharibi.

Hatua ya 4: Siku ya mji na Ujiji

Anza asubuhi stesheni, jengo la Wajerumani lililosimama mbele ya ziwa. Reli ilifika hapa mwaka 1914. Ukishuka bandarini ulizia meli ya MV Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande, ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na maadui. Waingereza waliiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Usipange safari ya kuipanda kabla hujapata jibu la bandarini kuhusu matengenezo yake.

Mchana panda daladala kwenda Ujiji. Jumba la kumbukumbu liko pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na miembe iliyopo inasemekana ni uzao wa ule wa zamani. Wageni wengi hupiga picha na kuondoka. Kaa. Mwombe mwongoza wageni akueleze misafara yenyewe, watumwa na pembe za ndovu waliotoka hapa kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Hiyo ndiyo historia yetu. Hao wazungu wawili waliikuta. Kisha tembea mitaa ya Ujiji polepole, salimia wazee kwa shikamoo, na ukikutana na Waha asubuhi jaribu "mwakeye". Utapokelewa vizuri.

Chakula cha mchana kisiwe chipsi. Agiza samaki wa ziwa hili, mgebuka wa kukaanga au kuhe wa mchuzi wa mawese, na ugali wa muhogo.

Hatua ya 5: Gombe

Hifadhi iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji na hakuna barabara. Unapanda boti kwenye mwalo wa Kibirizi. Boti ya abiria ni rahisi kwa bei lakini inasimama vijijini na kuchukua saa kadhaa, hivyo lazima ulale Gombe. Ya kukodi ni ghali, mkiwa kundi mnagawana. Kwa vyovyote, ondoka asubuhi kabla upepo haujaamka na usikubali kupanda bila jaketi okozi. Malipo ya hifadhi yafanye mapema.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika hapa Julai 1960, na mwaka huo huo akamwona sokwe akichokoa mchwa kwa kijiti cha nyasi. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mama huyo alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na utafiti unaendelea. Wakati wa mvua sokwe hawatembei mbali sana, kwa hiyo kuwapata kunaweza kuwa rahisi. Kiangazi njia ni kavu na picha hutoka vizuri. Miteremko ni mikali, vaa viatu vinavyoshika. Ukiwa na mafua, baki mjini: magonjwa yetu yanawaua sokwe. Mkimaliza na miguu bado ina nguvu, mwombe askari awapeleke maporomoko ya Kakombe.

Kuhusu kuogelea ziwani: fanya hivyo ufukweni ambako wenyeji wanakuhakikishia. Kuna mamba sehemu fulani, na kichocho kipo karibu na makazi.

Hatua ya 6: Ununuzi wa kurudi

Vitenge vya Kongo nunua Mwanga, ukipatana bei bila haraka. Dagaa nunua asubuhi Kibirizi, na chagua walioanikwa kwenye chanja, si juu ya mchanga. Chukua kiganja kimoja, wapukute juu ya karatasi nyeupe. Ukiona chembe za mchanga, ondoka meza hiyo. Wazuri wanang'aa rangi ya fedha na wanakatika kwa mlio. Mawese yafungwe kwenye dumu lenye kifuniko cha kubana, halafu mfuko wa nailoni, halafu mfuko mwingine. Kama unaondoka kwa ndege, ulizia shirika lako kuhusu mafuta kabla ya kununua. Kwa treni na basi, liweke dumu sakafuni, likiwa wima, mbali na begi la nguo.