Kuikimbia Baridi ya Julai kwa Baiskeli: Tukuyu Hadi Matema

Kati ya Juni na Agosti, Mbeya mjini na kwenye milima ya Uporoto makoti hayavuliwi mpaka jua limepanda. Siku hiyohiyo, Matema, kando ya Ziwa Nyasa, watu wanaoga ziwani. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko chini ya mita 500, kwa hiyo unashuka zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja, kutoka mashamba ya chai hadi kakao na mpunga. Miguu haitachoka sana. Safari hii ni ya breki.

Barabara kuu ya Kasumulu, mpakani na Malawi, ni nzuri kwa macho lakini mbaya kwa baiskeli: ndiyo njia ya malori na matenki ya mafuta ya Malawi, na lori lililochemsha breki kwenye mteremko halina pa kukukwepea. Panda kosta Uyole hadi Tukuyu, kama kilomita 70 kutoka Mbeya, baiskeli ikiwa kwenye keria. Ilaze upande wa cheni ukiwa juu na uifunge wewe mwenyewe kwa mpira, usimwachie konda. Ukifika, shika njia ya Masoko na Ipinda. Ulizia Tukuyu hali ya barabara asubuhi hiyo, maana huko mvua hunyesha hata wakati wa kiangazi, na udongo mwekundu ukilowa unajaa kati ya tairi na breki hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Kagua breki siku moja kabla, si pale stendi. Tazama raba: zina mifereji midogo, na ikishapotea, raba imekwisha, badilisha. Zikiwa zinang'aa na ngumu kama kioo, zipige msasa mpaka ziwe butu. Kata waya wowote ulioanza kufumuka nyuzi pale unapoingia kwenye mkono wa breki, weka mpya. Kisha sukuma baiskeli kwa mguu na ubane breki ya mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kutaka kunyanyuka. Mkono ukigusa usukani kabla ya hapo, kaza waya.

Kwenye mteremko usiibane breki mfululizo. Rimu inapata moto, gundi ya kiraka inalainika, kiraka kinabanduka na tairi linaisha upepo ukiwa kasi. Bana kwa nguvu sekunde mbili tatu, achia, bana tena, ukitumia zote mbili. Punguza mwendo kabla ya kona na uachie ndani ya kona. Breki ya mbele ikibanwa kwenye changarawe huku umeinama, gurudumu linateleza na hakuna wa kulirudisha. Simama kila baada ya dakika kumi, sogeza mgongo wa kiganja karibu na rimu. Ikiwa inatoa joto kali, subiri. Usimwagie maji, hasa kwenye disiki, inapinda.

Kwa tairi la inchi 1.95, upepo wa paundi 35 hadi 40 unafaa changarawe. Upepo ukishuka chini ya hapo, jiwe linabana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili yaliyo sambamba. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, msasa, pampu, spana namba 14 na 15, na kiungo cha cheni. Mafundi wapo njiani, ila tyubu ya saizi yako huenda wasiwe nayo. Fundi akikusaidia, "ndaga fijo" (asante sana kwa Kinyakyusa) inapokewa vizuri kuliko noti.

Pumzika Masoko. Ziwa la kreta lipo hapo, limezungukwa na miti, na ni mahali pazuri pa kuvua jaketi na kula ndizi. Toka hapo joto linaongezeka kila kilomita, kwa hiyo anza kunywa maji hata kama hujasikia kiu: nusu lita kwa saa, na lita moja ukifika tambarare.

Ipinda unaingia kwenye lami ya Kikusya hadi Matema. Ongeza upepo hadi paundi 50. Mbegu za kakao zilizoanikwa kando ya nyumba zina harufu chachu kidogo, zikwepe na usizikanyage, ni fedha ya mtu. Jitahidi upite tambarare hii kabla ya saa saba mchana, maana upepo wa kusini kutoka ziwani huwa mkali baadaye na utakuwa usoni mwako. Milima ya Livingstone mbele inaonekana karibu kuliko ilivyo.

Watu wa baridi husahau mbu. Matema kuna malaria, lala ndani ya chandarua na vaa mikono mirefu jioni. Kabla ya kuogelea, waulize wavuvi wapi pana usalama, hasa karibu na midomo ya mito. Kurudi, panda gari hadi Kyela kisha Mbeya. Ukitaka kupanda mlima kwa pedali, anza saa kumi na moja alfajiri na uwe na giya ndogo ya mbele inayofanya kazi.